Kupe wamebadilika tangu ukame ule: tuongee kuhusu virusi wanavyobeba (uzi mrefu, andaa chai)

MzeeWaJosho (mleta uzi)

Wakuu salaam.

Mimi ni afisa mifugo wa kata, upande wa Manyara. Nusu ya kazi yangu ni kubishana na watu kuhusu kuogesha mifugo kwa dawa ya kupe. Wiki iliyopita nilikuwa boma moja tunachanja ng'ombe, nikashika sikio la mtamba nikachungulia ndani kama kawaida yangu. Miaka yote nimezoea kukuta kupe wa kahawia wamejipanga humo kama punje za mtama. Safari hii walikuwa watatu tu. Nikainua mkia. Kumbe wenyewe wako huko: wakubwa, kahawia iliyokolea karibu na weusi, miguu ina pete nyeupe na nyeusi kama soksi za mchezaji. Mwenye boma akaniambia, "Hao wa soksi wamezidi tangu ule ukame."

Hayo maneno ndiyo yamenileta hapa, kwa sababu mzee yule hajasoma popote na amesema jambo ambalo wataalamu wanaliandikia ripoti.

Twende taratibu. Kupe anakaa juu ya mnyama siku chache tu. Zaidi ya tisa ya kumi ya maisha yake yuko chini, kwenye nyasi na udongo. Kwa hiyo joto na unyevu wa pale chini ndiyo nyumba yake, mnyama ni hotelini tu. Yule wa sikioni (Rhipicephalus appendiculatus, huyu anayetuletea ndigana kali, ugonjwa unaoua ng'ombe) akishiba anadondoka na kutaga mayai maelfu. Unyevu ukipungua mayai yanasinyaa. Yakitotolewa, vitoto vinapanda ncha ya jani, vinanyoosha miguu ya mbele, vinangoja sikio lipite. Jua likichoma vinashuka chini kwenye unyevu na kunywa mvuke wa hewa kwa kutumia mate yao wenyewe, kisha vinapanda tena. Kila kupanda na kushuka kunakula akiba ya mwilini. Sasa fikiria malisho yaliyoliwa hadi udongo ukaonekana, misimu ya mvua imekataa mmoja baada ya mwingine kama tulivyoona kati ya 2020 na 2023. Hakuna jani la kupanda, hakuna kivuli cha kushukia. Wa sikioni anakwisha.

Wa soksi, Hyalomma, ni mnyama mwingine kabisa. Huyu hangoji mtu. Anajificha ardhini, akisikia mtikisiko na kunusa pumzi anatoka kwa miguu kukufuata. Nimewahi kukaa chini ya mgunga kula chakula changu cha mchana nikaona wanne wananijia, kila mmoja na upande wake, mbio. Ngozi yake inashika maji vizuri. Ukame unamsumbua kidogo sana, na vitoto vyake vinalelewa na sungura na ndege, havina haja na ng'ombe wako.

Kwa hiyo ukame haukutumalizia kupe. Ulituondolea mmoja ukamwachia nafasi mwenzake. Na kila mmoja ana virusi vyake.

Wa sikioni anabeba ugonjwa wa kondoo wa Nairobi. Ulitambuliwa mwaka 1910 kwa kondoo na mbuzi waliokuwa wakipelekwa Nairobi. Wa soksi anabeba homa ya Crimea-Kongo, ambayo kwa kondoo na ng'ombe haionekani kabisa ila kwa binadamu inaleta kutokwa damu. Virusi hivi viwili ni ndugu wa ukoo mmoja, na ukoo huo wanasayansi wameupa jina la Nairobi: Nairoviridae. Jiji letu la jirani limeingia kwenye vitabu vya dunia kwa mlango wa kupe, haha.

Naendelea, ila kwanza nisikie wenzangu mmeona nini huko mliko.

---

KondooMkiaMnene

Mkuu nimeweka kiti. Ila mimi nina msiba na naomba unisaidie. Mwezi uliopita nilinunua kondoo 14 mnada wa huko chini kwenye ukame, bei ilikuwa ya kutupa. Nikawaleta kwangu huku mlimani kwenye majani mabichi. Siku ya sita wakaanza kuzubaa, kamasi nzito puani, kuhara kijani halafu kuhara damu. Wamekufa 9. Majike wawili walitoa mimba kwanza. Kondoo wangu wa zamani wanakula nao zizi moja na hawana hata kikohozi! Watu hapa wanasema nimetupiwa jambo.

---

MzeeWaJosho

Pole sana ndugu yangu. Hakuna aliyekutupia kitu.

Siwezi kupima kwa simu, na sotoka ya mbuzi na kondoo nayo inafanana na hayo. Angalia midomo: sotoka mara nyingi inaacha vidonda mdomoni na macho yanatoa matongo. Lakini hicho ulichosema mwishoni, kwamba wageni wamekufa na wenyeji wazima, ndiyo sura yenyewe ya ugonjwa wa kondoo wa Nairobi. Kondoo aliyezaliwa kwenye kupe anaumwa na kupe tangu akiwa mdogo, bado ana kinga ya maziwa ya mama yake, anapona bila wewe kujua. Kondoo wa nchi kavu hajawahi kumwona kupe wa sikioni. Ukimleta kwenye majani mabichi anaumwa, na ndani ya siku mbili hadi sita joto limefika 41. Kundi geni linaweza kufa hadi tisa kati ya kumi. Wale wa 1910 walikuwa kwenye hali hiyo hiyo: mifugo ya kutoka mbali ikiingizwa kwenye nchi ya kupe.

Sasa hapa ndipo hali ya hewa inapoingia, na ndipo watu wengi wanakosea. Tunadhani joto likizidi basi kupe watazidi kila mahali na ugonjwa utazidi kila mahali. Sivyo. Kuna mpaka kati ya nchi ya kupe na nchi isiyo na kupe. Ndani kabisa ya nchi ya kupe ugonjwa hausikiki, wanyama wote wana kinga. Nje kabisa haupo. Vifo viko mpakani. Mvua za kupitiliza zikija, kupe wa sikioni anasogea kwenye nyika ambako hakuwepo na kukuta kondoo wasiomjua. Ukame ukija, watu kama wewe (usichukie) mnanunua kondoo wa rahisi na kuwavusha mpaka kwa lori. Aidha kupe anamfuata kondoo, au kondoo anamfuata kupe.

Mpigie afisa wako leo, waliobaki wachukuliwe damu. Aliyekufa usimpasue mwenyewe.

---

MbishiMkuu

Kila kitu siku hizi "tabianchi". Josho bovu: tabianchi. Dawa feki: tabianchi. Hizi ni semina za posho. Babu zetu walikuwa na ukame na mvua na kupe pia.

---

MzeeWaJosho

Mkuu leo nakuunga mkono nusu, ufurahi.

Josho la kijiji changu, lile birika la kuogeshea ng'ombe, halina tone la maji tangu sijui lini. Barua nimeandika hadi kalamu imeisha wino. Watu wanaogesha kwa bomba la mgongoni, dawa wanaipunguza nusu ya kipimo ili ifike kwa ng'ombe wote, kupe anapata usugu. Hilo wala si hali ya hewa.

Na historia inakupa haki pia. Homa ya Crimea ilijulikana 1944 kwa askari wa Urusi waliokuwa wakisaidia mavuno huko Crimea. Kwa nini mwaka ule? Vita. Mashamba yalikuwa yametelekezwa, hakuna aliyewinda, sungura wakazaana, na sungura ndiye yaya wa Hyalomma. Irak mwaka 2022 katika miezi mitano tu ya mwanzo walirekodi wagonjwa zaidi ya 200, na moja ya sababu ni kwamba kampeni za kupulizia mifugo zilisimama wakati wa korona. Ulaya nako: homa ya ubongo ya kupe iliporuka ghafla nchi za Baltiki mwanzoni mwa miaka ya 1990, mtafiti wa Oxford Sarah Randolph alipinga kwamba joto peke yake linaeleza. Muungano wa Kisovieti ulikuwa umevunjika, watu hawana kazi, wanaingia msituni kuokota uyoga na matunda, wanaumwa na kupe.

Sasa nusu nyingine. Ukitaka kuona hali ya hewa peke yake, tafuta mahali ambapo watu hawajabadilika sana. Milima ya Czech, kupe wa kule alikuwa anaishia kama mita 700 juu ya usawa wa bahari. Siku hizi wanamkuta kwenye mita 1,100 na zaidi. Mlima haujahama. Hakuna josho lililokufa kule juu. Kilichopanda ni joto.

---

DadaWaUppsala

Nathibitisha upande wa huku Sweden. Nilipofika 2006 nilidhani wananitania waliponiambia nichanje kwa ajili ya kupe. Mimi mtoto wa Kiteto nichanjwe kupe? Sasa nimeshamaliza dozi zote, na watoto pia. Zamani homa hii ilikuwa habari ya visiwa vya Stockholm na pwani ya mashariki, sasa inazungumzwa mbali zaidi kaskazini na magharibi. Mwaka 2023 waliougua homa ya ubongo ya kupe nchi nzima walipita 500. Majira ya baridi yamefupika, kupe tunawaona hadi Novemba.

Jioni za kiangazi tunakagua watoto nyuma ya masikio na kwenye kitovu. Mama yangu akipiga simu nikimwambia nakagua kupe anacheka hadi anakata.

---

NesiWaZamu

Naomba turudi kwenye hiyo homa ya Crimea-Kongo maana ndiyo inayonitisha. Mgonjwa anakuja na homa ya ghafla, kichwa, mgongo, kutapika. Tunapima malaria, hasi. Tunampa antibayotiki, anarudi siku ya nne ana mabaka ya damu chini ya ngozi. Hapo nani anakumbuka kuuliza kama alishika kupe au kuchinja? Sijawahi kuona fomu yenye swali hilo.

---

MzeeWaJosho

Nesi, umegusa penyewe. Uliza maswali matatu: ameumwa au ameponda kupe? Amechinja, amechuna au amezalisha mnyama? Amemuuguza mtu aliyetokwa damu? Kwa kupe dalili huja siku 1 hadi 3, mwisho 9. Kwa damu ya mnyama au mtu huchelewa kidogo, 5 au 6, mwisho 13. Kati ya wagonjwa 100, hufa 10 hadi 40. Na vaa glovu kabla hujajua ni nini, si baada ya kujua.

Hispania iliwakuta hivyo hivyo. Virusi vilionekana kwa kupe wa wanyamapori wa kule mwaka 2010. Mwaka 2016 mwanamume mmoja aliyekuwa ametembea porini akafa hospitali Madrid, na nesi aliyemhudumia akaambukizwa. Alipona. Ila ule mpaka niliousema wa kondoo upo na kwa wahudumu wa afya: ugonjwa ukifika mahali haujulikani, wa kwanza kuumia ni yule anayemshika mgonjwa kwa mikono mitupu.

Unajua kupe anafikaje Ulaya? Kwa ndege. Wale wanaokaa kwetu majira ya baridi ya Ulaya na kurudi kwao Aprili. Hyalomma mchanga anabaki kichwani kwa ndege wiki mbili tatu bila kushuka, kwa sababu hatua mbili za utoto wake anazimaliza kwa mwenyeji mmoja. Anavushwa jangwa la Sahara na bahari ya Mediterania bure. Miaka yote alikuwa akidondoka kule kwenye baridi na kufa kabla hajakomaa. Mwaka 2018 Ujerumani walipata kiangazi cha joto na ukavu usio wa kawaida, na wakaanza kuokota Hyalomma waliokomaa, wengi wao juu ya farasi. Ndege walikuwa wale wale, kupe wale wale. Kilichobadilika ni wiki chache za joto baada ya kutua.

---

MwanaKisangani

Ndugu, mnasema Kongo, Kongo. Sisi tulipewa jina tu. Kwa nini isiitwe jina lingine?

---

MzeeWaJosho

Haha, una haki ya kulalamika kaka. Mwaka 1956 virusi vilitengwa kutoka kwa mgonjwa wa kwenu Kisangani, wakati huo mji ukiitwa Stanleyville. Mwaka 1969 ndipo ikajulikana kwamba vya Kongo na vya Crimea ni vilevile, majina yakaunganishwa. Hadi leo Uturuki peke yake, ambako iliibuka 2002, imeshapata wagonjwa zaidi ya 10,000. Jina halijaenda huko.

Tena kuna fundisho hapo. Uganda ilikaa miongo bila kuripoti mgonjwa, kisha 2013 wakamkuta mmoja wilaya ya Agago, na tangu hapo karibu kila mwaka, hasa kwenye ukanda wa ng'ombe. Je, virusi vilikuwa vimehama vikarudi? Ng'ombe wa Uganda waliopimwa damu wengi wameshakutana navyo. Kilichoongezeka kwa sehemu ni macho: maabara ya Entebbe inapima, zamani haikupima. Kwa hiyo mtu akikuletea mchoro wa wagonjwa unaopanda akakuambia "ni joto", muulize na vipimo vilipanda lini. Mimi naamini vyote viwili vipo.

---

BinSeif_Muscat

Assalaam alaykum. Wazee wangu wa Unguja, mie nipo Maskati, Oman, miaka 20. Huku hii homa wala si habari ya kitabuni, kila ikikaribia Idi ya kuchinja wizara ya afya inatangaza: nendeni machinjioni, vaeni glovu, musichinje uani. Wengi wanaougua ni wachinjaji na watu wa mifugo, na mbuzi wengi hutoka nje kwa meli.

Nami naongeza jambo la kalenda ambalo sijaona mtu kalitaja. Idi inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Nilipofika huku ikiangukia majira ya baridi, Disemba na Januari. 2024 ilikuwa katikati ya Juni, jua la kupasua mawe, na kupe wamo kazini. Mwezi hauna habari na joto, lakini viwili hivyo vimekutana.

---

MzeeWaJosho

Wa alaykum salaam. Huo ni mchango wa dhahabu. Mnyama akishaambukizwa virusi hukaa kwenye damu yake kama wiki moja tu, na wiki hiyo haumwi, anakula na kucheua. Mnyama akipanda meli na kupe wabichi mgongoni, akishushwa siku mbili kabla ya Idi, kisu kinamkuta ndani ya wiki hiyo. Ndiyo maana inapendekezwa aogeshwe kisha akae karantini wiki mbili kabla ya kuchinjwa.

Na kwa wale wa Kenya kaskazini: Samburu kaunti imekuwa ikigawa ngamia kwa sababu ng'ombe wanakufa na ukame. Ni uamuzi wa akili kwa maziwa. Ila ngamia ana kupe wa soksi wa kwake. Anayebadilisha mifugo abadilishe na orodha ya magonjwa kichwani.

---

MbishiMkuu

Sawa nimekuelewa. Sasa swali la mtu mbishi: nimerudi kutoka shamba jana, nikamkuta wa soksi kwenye mguu wa punda. Nikamtoa na kumponda kwa kucha kama tunavyofanya siku zote. Nilikuwa na mkwaruzo kidoleni.

---

MzeeWaJosho

Hapo mkuu umenikata maneno.

Usiogope, kupe wengi hawana kirusi hiki. Umeosha kwa sabuni? Basi pima joto asubuhi na jioni hadi siku ya 13. Likipanda nenda hospitali, na neno la kwanza mdomoni liwe "kupe". Siku nyingine tumia kibanio, mkamate karibu na ngozi, vuta wima bila kuzungusha. Mafuta ya taa na moto wa kiberiti acha, unamfanya atapike ndani ya jeraha. Mtumbukize kwenye chupa yenye spiriti, kidole kisiguse.

---

KondooMkiaMnene

Wakuu narudi. Damu imechukuliwa kwa wanne waliobaki, imekwenda maabara. Daktari aliangalia masikio ya wale wageni: yamejaa kupe hadi ndani. Ya wenyeji pia yamejaa, ila wao wanatafuna tu. Jirani yangu jana amenunua 20 mnada ule ule, lori linafika kesho. Nimemwonyesha uzi huu. Amesema bei ilikuwa nzuri mno.

---

MbishiMkuu

Siku ya 6. 36.8. Mke wangu ndiye anayeshika kipima joto, haniamini.